Mswada Usio na Darasa: Bunilizi ya Kisayansi na Milango ya Uchapishaji

Utangulizi

Makala hii inanuia kuchunguza uhusiano uliopo kati ya kukua kwa bunilizi ya kisayansi na milango ambayo mwandishi chipukizi hana budi kuipitia ili kazi yake ichapishwe. Kwa neno "mlango" tunamaanisha utaratibu wowote unaoamua mswada upi usomwe, upi uchapishwe na upi urudishwe kwa mwenyewe: jarida, shindano, warsha, gazeti au orodha ya vitabu vya shule. Wahakiki wetu wamezoea kueleza kuzuka kwa tanzu kwa kurejelea itikadi, falsafa au hali ya uchumi. Mambo hayo yana uzito wake, na hatukusudii kuyapuuza. Hata hivyo, ni nadra kuulizwa swali la kawaida zaidi: mwandishi huyu alipeleka mswada wake wapi, ni nani aliyeusoma, na alijibiwa nini?

Swali hili lilitufikia kwa njia isiyotupa fahari. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja alituletea mswada wa riwaya fupi. Ilikuwa hadithi ya mji ambamo mvua huuzwa kwa mita, kama stima, na mhusika wake mkuu alikuwa msichana aliyeajiriwa kupita nyumba kwa nyumba akisoma mita hizo. Mchapishaji mmoja alikuwa ameurudisha mswada huo pamoja na barua ya mistari miwili: lugha ilikuwa safi, ila kazi yenyewe haikulingana na kiwango cha darasa lolote. Kijana alituuliza, "Mwalimu, kwani hadithi yangu ni ya darasa gani?" Jibu letu, ambalo leo tunalijutia, lilikuwa kumshauri aiondoe ile biashara ya mvua, abakishe umaskini wa msichana, aandike riwaya ya kijamii. Alishukuru kwa adabu, akaenda zake. Mswada ule hatukuuona tena.

Makala hii, basi, ni jaribio la kumjibu kijana yule upya. Tutatumia istilahi ya bunilizi ya kisayansi kwa maana ya kazi ya kubuni ambayo husimamisha ulimwengu wake juu ya badiliko fulani la kielimu au la kiufundi, kisha ikayafuata matokeo ya badiliko hilo katika maisha ya watu. Hoja yetu ni kwamba utanzu huu haukuzaliwa na viwanda wala maabara peke yake. Ulizaliwa pale ambapo mwandishi asiyejulikana alipata mahali pa kupeleka kazi yake, akashindwa kwa gharama ndogo, akaambiwa kwa nini ameshindwa, akarudi tena. Tutaanza Ufaransa, tuvuke hadi Marekani, kisha turejee kwetu.

Verne na Mlango wa Elimu

Mnamo 1862, Jules Verne alikuwa mtu wa miaka 34 aliyejipatia riziki katika soko la hisa la Paris. Alikuwa ameandika michezo ya kuigiza na hadithi chache za majarida bila kujipatia jina kubwa. Katika mwaka huo alimpelekea mchapishaji Pierre-Jules Hetzel mswada uliokuja kutolewa Januari 1863 kwa jina Cinq semaines en ballon. Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya pekee ya kuikumbuka kazi hiyo: safari ya puto inayosimuliwa humo huanzia Zanzibar, ikakata bara hadi Senegal. Verne hakuwa amefika pwani yetu. Aliitunga kutokana na taarifa za wasafiri wa Kizungu, wakiwemo Burton na Speke. Hivyo basi, riwaya iliyomfungulia mlango mmoja wa waasisi wa utanzu huu ilipaa kutoka kwetu, ingawa wenyeji waliomo walipewa nafasi ya kushangaa tu.

Hetzel alikuwa mfanyabiashara mwenye mpango. Mwaka 1864 alianzisha, pamoja na Jean Macé, jarida lililojitangaza kwa jina lake kuwa la elimu na burudani, lililokusudiwa kusomwa na familia nzima. Riwaya nyingi za Verne zilitoka humo sehemu kwa sehemu kabla ya kuwa vitabu. Mlango huo ulikuwa mpana na ulimpa Verne mshahara wa kutegemewa. Lakini kila mlango una kizingiti chake, na cha Hetzel kilikuwa kufundisha na kuliwaza. Mwanafunzi afunge kitabu akiwa amejua jambo la jiografia, na mzazi akifunge bila wasiwasi.

Gharama ya kizingiti hicho ilibainika mapema. Mara tu baada ya ufanisi wa riwaya ya puto, Verne alimpelekea Hetzel mswada mwingine, Paris au XXe siècle. Humo alisawiri jiji la Paris la mwaka 1960, lenye treni za kasi na mashine za hesabu, ambamo kijana aliyeshinda tuzo ya ushairi wa Kilatini hana kazi, hana msomaji wala mahali pa kukaa, kwa sababu jamii haina haja na fasihi. Hetzel aliukataa. Aliona kwamba hakuna atakayeuamini utabiri huo na kwamba kitabu kingemharibia mwandishi jina. Verne aliuweka kando. Kitukuu chake aliuvumbua mswada huo ndani ya kasha la chuma mwaka 1989, na ukachapishwa 1994, miaka 89 baada ya kifo cha mwandishi wake. Kwa kinaya kikubwa, riwaya kuhusu kijana asiye na wa kumsoma nayo ilikosa wa kuisoma kwa zaidi ya karne.

Funzo la kisa hiki si kwamba Hetzel alikuwa mhariri mbaya. Bila yeye huenda tusingekuwa na Verne tunayemjua. Funzo ni kwamba mlango mmoja ukiwa ndio pekee, basi kizingiti chake hugeuka kuwa umbo la utanzu wenyewe. Kwa miaka mingi bunilizi ya Verne ilisomwa kama fasihi ya vijana yenye matumaini kwa maendeleo. Ule upande wake wa giza ulikuwa umefungiwa kasha.

Jarida la Bei Nafuu na Barua ya Mhariri

Nchini Marekani mlango ulikuwa wa aina nyingine. Mwezi Aprili 1926 Hugo Gernsback, mhamiaji kutoka Luxembourg aliyefanya biashara ya vifaa vya redio, alitoa toleo la kwanza la Amazing Stories, jarida lililojitolea lote kwa utanzu huu. Liliuzwa kwa senti 25. Kwa kuwa hakuwa na waandishi, alianza kwa kuchapisha upya kazi za Verne, H. G. Wells na Edgar Allan Poe. Gernsback hakusifika kwa kulipa waandishi wake, na mwaka 1929 aliipoteza kampuni yake kwa kufilisika. Lakini alifanya jambo moja lililomzidi yeye mwenyewe: alichapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao. Wasomaji wakaanza kuandikiana, wakaunda vyama, wakatoa vijarida vyao vya mkono. Kutoka katika ukurasa wa barua wakazuka waandishi.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Isaac Asimov. Alizaliwa Urusi mwaka 1920, akalelewa Brooklyn, ambako baba yake alikuwa na duka la peremende lililouza pia magazeti. Mzee huyo aliyaona majarida ya hadithi kuwa upuuzi na akamkataza mwanawe kuyasoma. Mwaka 1929 lilipofika dukani jarida lenye neno "sayansi" katika jina lake, mtoto wa miaka tisa alimshawishi baba kuwa hilo ni somo, naye akaruhusiwa.

Mnamo Juni 1938, akiwa na miaka 18, Asimov alipanda treni hadi Manhattan akiwa na hadithi yake ya kwanza mkononi, akamwona John W. Campbell, mhariri wa Astounding. Campbell, ambaye mwenyewe alikuwa na miaka 28 tu, alizungumza na kijana huyo kwa zaidi ya saa moja. Siku chache baadaye hadithi ilirudi kwa posta. Ilikuwa imekataliwa, pamoja na barua iliyoeleza kasoro zake. Asimov alisimulia baadaye kwamba kukataliwa kule kulimfurahisha, kwa kuwa kulikuja na sababu. Aliandika nyingine na nyingine. Hadithi yake ya kwanza kuchapishwa ilitoka katika Amazing Stories, toleo la Machi 1939, kwa malipo ya dola 64, yaani senti moja kwa neno. Campbell naye akaanza kuchapisha hadithi zake mwaka huohuo, na mnamo 1941 alimpa wazo lililozaa "Nightfall", hadithi ya dunia isiyojua usiku.

Tuyatazame mambo haya kwa makini. Jarida lilitoka kila mwezi, kwa hiyo lilikuwa na njaa ya hadithi kila mwezi. Hadithi moja mbovu haikuweza kulifilisi, kwa hiyo mhariri aliweza kubahatisha na mtu asiyejulikana. Hadithi ilikuwa fupi, kwa hiyo mwandishi aliyekataliwa alipoteza wiki mbili wala si miaka miwili. Zaidi ya yote, kulikuwa na jibu. Mwandishi chipukizi hakuhitaji kusifiwa, bali kuambiwa ukurasa gani ulimchosha msomaji. Hayo manne, yaani njaa ya kila mwezi, hasara ndogo, ufupi na jibu, ndiyo yaliyofanya jarida liwe chuo.

Mlango na Walinzi Wake

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba chuo hicho kilimpokea kila mtu. Samuel R. Delany, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Harlem mwaka 1942, alichapisha riwaya yake ya kwanza mwaka 1962. Kufikia 1968 alikuwa ameshinda tuzo ya Nebula mara mbili kwa riwaya. Wakala wake alipompelekea Campbell riwaya ya Nova ili itolewe kwa mfululizo jaridani, Campbell aliikataa. Kwa mujibu wa maelezo ya Delany katika insha yake ya 1998, sababu iliyotolewa ni kwamba wasomaji wasingeweza kujihusisha na mhusika mkuu mweusi. Mhariri aliyekuwa tayari kuwaza viumbe wa nyota za mbali alishindwa kumwaza Mwafrika akiongoza chombo cha anga. Riwaya ilitolewa kama kitabu mwaka 1968. Tuzo ya waandishi wapya iliyoitwa kwa jina la Campbell ilibadilishwa jina mwaka 2019, baada ya mshindi wa mwaka huo, Jeannette Ng, kumshutumu hadharani.

Kisa cha Octavia E. Butler kina mafunzo zaidi kwa mwandishi wetu chipukizi. Alizaliwa Pasadena, California, mwaka 1947, na mama yake alifanya kazi za nyumbani kwa watu. Akiwa na miaka 12 alitazama filamu mbaya kuhusu mwanamke kutoka Mirihi, akaamini kuwa yeye angeweza kuandika hadithi nzuri kuliko ile. Shangazi yake alimwambia, kwa upendo, kwamba watu weusi hawawezi kuwa waandishi. Mwalimu wake wa sayansi alimpigia chapa hadithi ili aipeleke kwa jarida. Kisha akaja mtu aliyejiita wakala, akadai ada ya kusoma iliyozidi dola 60. Mama mtu akaitoa, na hapakuwa na faida yoyote. Utapeli wa waandishi wachanga, kama tuonavyo, si jambo geni wala si la kwetu peke yetu.

Mlango wa Butler ulikuwa warsha. Mwaka 1970 alihudhuria warsha ya Clarion huko Pennsylvania, ambako kwa wiki sita waandishi chipukizi walisomana na kukosoana chini ya waandishi waliokomaa. Aliuza hadithi mbili. Moja ilitoka mwaka 1971. Ya pili ilinunuliwa kwa mkusanyo ambao haukutoka katika uhai wake, na ilisubiri hadi 2014, miaka minane baada ya kifo chake. Baada ya Clarion ilipita miaka mitano bila kuuza neno. Alifanya vibarua, mathalani kukagua vibanzi vya viazi kiwandani na kuuza bidhaa kwa simu. Aliamka saa nane usiku ili aandike kabla ya kwenda kazini. Riwaya yake ya kwanza, Patternmaster, ilitoka 1976. Kindred ilitoka 1979 baada ya kukataliwa na wachapishaji kadhaa, ambao baadhi yao hawakujua waiweke katika rafu gani, kwa kuwa ilikuwa na safari ya wakati lakini ilihusu utumwa. Ndiyo ile barua ya mistari miwili tena: kazi haina darasa. Mwaka 1995 Butler alipewa tuzo ya MacArthur, akiwa mwandishi wa kwanza wa bunilizi ya kisayansi kuipata.

Milango ya Kiswahili

Sasa turudi nyumbani. Nathari ya kubuni ya Kiswahili ilipoanza kuchapishwa kwa wingi, mlango wake mkuu ulikuwa shule. Katika miaka ya 1920 na 1930 maafisa wa elimu wa kikoloni, Frederick Johnson akiwa mmoja wao, walitafsiri kazi za Rider Haggard, Stevenson na Swift kwa ajili ya wanafunzi. Msomaji wa Kiswahili alipewa mashimo ya almasi, visiwa vya hazina na safari za Gulliver. Wells na ndoto zake za jamii zijazo hawakuwa sehemu ya chakula hicho cha darasani. Safari ilikubalika, ila safari ya kwenda wakati ujao haikukaribishwa.

Katika hali hiyo Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotolewa 1951, ni tukio la pekee. Nchi yake iko angani. Wajumbe wake hutumwa pande sita, zikiwemo mbinguni na ardhini, na kila anayerejea na ujuzi mpya hutiwa gerezani. Hatudai kwamba Kusadikika ni bunilizi ya kisayansi, kwani hakuna ufundi unaowabeba wajumbe wale. Tunalodai ni kwamba swali lake kuu, jamii inamfanya nini mtu anayeleta maarifa mapya, ni swali la utanzu huu hasa. Mbegu ilikuwapo. Na mwandishi huyu mkubwa, aliyefariki 1962, hakuishi kuiona Kufikirika ikiwa kitabu.

Mlango wa pili ulikuwa shindano. East African Literature Bureau, iliyoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1940, iliendesha shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili mnamo 1957 na 1958. Mshindi alikuwa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa 1960. Kwa kazi hiyo Bwana Msa na kiko chake waliingia katika fasihi yetu, na hadithi ya upelelezi ikapata makao. Abdulla aliendelea na Kisima cha Giningi (1968) na nyinginezo, na waandishi wengine, mathalani Faraji Katalambulla kwa Simu ya Kifo (1965), wakaupanua utanzu huo. Shindano moja lilitosha kuonyesha kwamba wasomaji wapo.

Hapa ndipo penye jibu kwa wanaoshikilia kwamba bunilizi ya kisayansi haiwezi kukua mahali pasipo na viwanda vikubwa. Bwana Msa hakungoja Zanzibar iwe na wapelelezi binafsi ndipo azaliwe. Aliazimwa, akavishwa kanzu ya pale, akatatua mambo ya pale. Tanzu husafiri. Zinachohitaji ni mahali pa kushukia.

Mlango wa tatu, nao ndio uliotawala nchini Kenya, ni ule wa mtihani. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliifanya Kiswahili kuwa somo la lazima la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Faida yake kwa lugha haikadiriki, na waandishi wengi wa riwaya tunaowaenzi walisomwa na maelfu kutokana na mfumo huo. Lakini mchapishaji aliyejua kwamba kitabu kinachoteuliwa kinauzwa nchi nzima, na kisichoteuliwa kinaliwa na mchwa ghalani, alijifunza haraka kuuliza swali moja kabla ya yote: ni cha darasa gani? Hatumlaumu, kwa kuwa naye ana karatasi na wino wa kulipia. Ila tutambue kwamba amekuwa Hetzel wetu, na kwamba sisi walimu tumekuwa wasaidizi wake.

Kwa hiyo bunilizi ya kisayansi ya Kiswahili, ilipokuja, haikuja kwa mikono ya chipukizi. Ilikuja kwa mikono ya waliokwisha ingia. Walenisi ya Katama Mkangi ilitoka 1995. Mwandishi wake, mwanasosholojia aliyewekwa kizuizini kati ya 1986 na 1988, alikuwa tayari na Ukiwa (1975) na Mafuta (1984). Katika riwaya hii Dzombo huirushwa angani ndani ya chombo, akafika nchi inayoendeshwa kwa misingi ya haki na usawa. Jina lenyewe ni fumbo linalofumbuka ukilitamka polepole: wale ni sisi. Anayedai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kubebea safari ya anga aisome Walenisi, aone jinsi mwandishi anavyojiundia msamiati bila kuomba radhi. Kezilahabi naye, kwa Nagona (1990) na Mzingile (1991), na Kyallo Wadi Wamitila kwa Bina-Adamu! (2002), walivunja kuta za uhalisia kwa njia nyingine. Wote hawa walikuwa wasomi wa chuo kikuu, na kazi zao zilipokelewa na wahakiki kama fumbo, istiari au majaribio. Ni nadra sana zilipoitwa bunilizi ya kisayansi. Utanzu ulipita forodhani kwa pasipoti ya utanzu mwingine.

Chipukizi, kwa upande wake, alihamia Kiingereza. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu alitengeneza filamu fupi kuhusu Afrika Mashariki iliyokaukiwa na maji baada ya vita vikuu. Filamu ina jina la Kiswahili, Pumzi, lakini wahusika wake wanazungumza Kiingereza. Mwaka 2015 kikundi cha Jalada kilitoa toleo zima la hadithi za Afrika ya wakati ujao, wengi wa waandishi wake wakiwa vijana, na lugha yake kuu ikiwa Kiingereza. Hatuyataji haya ili kuwashutumu vijana hao. Walikwenda kulikokuwa na mlango. Mbali na hayo, tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Cornell imepokea miswada isiyochapishwa, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo shindano, kwa hulka yake, humjibu mshindi. Aliyeshindwa hupokea kimya, na kimya si barua ya Campbell.

Hitimisho

Tumeona kwamba kila mlango huzaa kwa sura yake. Mlango wa elimu ulimzaa Verne ukamfungia nusu yake kashani. Jarida la bei nafuu liliwafunza waandishi kwa kuwakataa kwa sababu, ingawa walinzi wake walikuwa na upofu wao. Warsha ilimwingiza aliyekataliwa na walinzi hao. Kwetu sisi, shindano lilizaa mpelelezi, na mtihani ukazaa riwaya ya kijamii. Bunilizi ya kisayansi haikupewa mlango wake, ikapita kwa wa jirani.

Kwa kijana anayetaka kuandika, tunatoa ushauri ulio kinyume na ule wa awali. Aandike hadithi fupi kabla ya riwaya, ili kushindwa kusimgharimu miaka. Badiliko analolibuni liwe moja, na alifuate hadi jikoni, sokoni na kitandani mwa mgonjwa. Atafute wenzake wanne au watano wa kusomana nao kwa ukali wa kirafiki. Asimlipe yeyote ada ya kusomewa mswada. Na anayemwambia kwamba kazi yake haina darasa, asidhani amemwambia kwamba haina thamani.

Kwa idara yetu, pendekezo ni dogo na lina gharama ndogo. Tutenge katika kila toleo la jarida hili kurasa kumi za hadithi fupi za Kiswahili za utanzu huu, zitakazopokelewa kutoka kwa mwanafunzi yeyote. Kila hadithi itakayorudishwa irudishwe pamoja na ukurasa mmoja wa maelezo, uliotiwa sahihi na mhadhiri aliyeisoma. Mwandishi wa makala hii yu tayari kuandika maelezo hayo kwa mwaka wa kwanza. Na iwapo yule kijana wa mvua na mita atakuwa angali na mswada wake, tunamwomba auleta kama ulivyokuwa kabla hatujaugusa.